Kuandika riwaya ya kijana mwenye kipawa cha kutisha

Kabla ya sura ya kwanza, andika kanuni ya kipawa kwa sentensi moja isiyozidi maneno 25. Kwa mfano: "Akishika mkono wa mtu atakayekufa ndani ya siku tatu, Mwanaidi hunusa karafuu maiti." Humo mna kinachokiamsha kipawa (mkono), anachokipata (harufu) na mpaka wake (siku tatu). Ongeza chini yake asichokijua, yaani sababu ya kifo. Kipawa kisicho na mpaka hukwama katikati ya kitabu, maana msomaji ataanza kuuliza mbona hakitumiki kumaliza kila tatizo.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa karafuu maiti ni nini. Harufu ile ameikuta kwenye misiba. Tafuta ishara ya namna hiyo, iliyokwishaingia nyumbani kwa watu. Radi na vivuli vyeusi havimtishi kijana wa leo.

Halafu panga bei. Tuseme kila Mwanaidi anaponusa kifo, hupoteza harufu moja ya kawaida na haimrudii tena: kwanza iliki ya maandazi, baadaye udongo ulionyeshewa mvua, mwisho asumini ya nywele za mama yake. Orodhesha harufu sita au saba mapema, kuanzia asiyoijali hadi ile anayoililia. Orodha hii itaibeba riwaya kuliko vifo vyenyewe.

Kipawa kimbane pale ujana unapobana. Msichana wa miaka 15 anayeogopa mikono ya watu ataamkiaje wakubwa? Atasema shikamoo akiwa mlangoni, mikono nyuma. Bibi atauliza, "Mwanangu, adabu hiyo umeitoa wapi?" Rafiki yake shuleni atadhani anamdharau. Mandhari kama hizo mbili zinatisha zaidi ya mzimu, kwa kuwa siri inamgombanisha na watu anaowapenda na hawezi kujitetea.

Kiswahili chenyewe kina zana za kazi hii. Kiambishi a- hakimtambulishi mwanamume wala mwanamke. Mwanaidi akipokea mikono ishirini harusini kisha akainusa harufu kiganjani, unaweza kuandika "atakufa kabla ya Ijumaa" na kwenda sura nzima bila kufichua ni nani. Ila chunga: neno "kaka" au "shangazi" likiponyoka, fumbo limekwisha. Tumia hu- kwa kanuni ya kipawa (hunusa, hupoteza) na -ka- kwa tukio la ghafla: "Akashika, akanusa, akaachia." Vitenzi vitatu vya -ka- vinatosha, vikifika saba mfululizo, mapigo hugeuka kuwa orodha na hofu inapoa.

Lenga maneno 40,000 hadi 45,000, sura 22 za maneno kama 2,000. Usiazime vipimo vya Kiingereza: "sitakuambia" ni neno moja ambalo wao hulisema kwa matano. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, rasimu inakamilika kwa wiki 18. Kifo cha kwanza kinuswe ndani ya kurasa tano za mwanzo. Jaribio la kwanza la kumwokoa mtu liwe sura ya sita au ya saba, nalo lishindwe kwa kosa la Mwanaidi mwenyewe, si kwa bahati mbaya. Sura ya 11, harufu iingie nyumbani kwao.

Mganga anaweza kuwemo, lakini asimweleze kila kitu sura ya 20. Ajue nusu, tena nusu yenyewe iwe na kosa ndani yake.

Na tafadhali usimfanye mchawi wako ajuza mwenye macho mekundu. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa shuku hiyo, na wekundu wa macho ulitokana na moshi wa miaka mingi jikoni. Kitabu cha vijana kisiipe shuku hiyo nguvu.

Rasimu ya pili wape wasomaji watatu wa miaka 13 hadi 17. Usiwaulize kama wameipenda. Waambie wachore mstari kila mahali walipokiweka kitabu chini. Mistari miwili ikiangukia sura moja, mara nyingi utakuta hapo umesimama kueleza kipawa. Punguza maelezo hayo nusu, na kilichobaki kitie katika mazungumzo.