Kabla Mteja Hajakiri

Nikifika rumande ya Shimo la Tewa na pendekezo la upande wa mashtaka mkobani, silitoi kwanza. Mteja aliyekaa miaka mitatu ndani akisikia tu kwamba wako tayari kubadilisha mauaji yawe kuua bila kukusudia, mradi akiri na kesi isisikilizwe, hasikii tena neno jingine. Atauliza miaka mingapi, na maelezo yake ya usiku ule yataanza kujipinda yafanane na karatasi. Kwa hiyo wewe wakili mchanga uliyepewa kesi yako ya kwanza ya mauaji hapa Mombasa, anza na usiku wenyewe. Mwulize: kisu kilikuwa cha nani? Wewe ulisimama wapi? Mwache aseme hadi amalize, kisha mrudishe kutoka mwisho kuja mwanzo.

Uwe umeshasoma faili yote. Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa mshtakiwa haki ya kuonyeshwa mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Dai taarifa za mashahidi na ripoti ya uchunguzi wa maiti, usiridhike na muhtasari wa mdomo kwenye korido ya mahakama. Mimi niliridhika nao, mwaka wangu wa pili kazini. Nilimshauri kijana akubali, na usiku wa kuamkia siku ya kutia sahihi ndipo nikaisoma fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha, aliyojaziwa yeye mwenyewe: mikato kwenye viganja vyote viwili, mikato ya mtu aliyekinga kisu. Utetezi wake ulikuwa humo muda wote. Asubuhi nilimwomba radhi mbele ya askari jela, tukaacha makubaliano, tukarudi kwenye kesi. Bado linaniuma.

Kisha uliza swali gumu: ulilifanya hili wanalolisema? Maelezo ya tukio yatasomwa mahakamani, naye atatakiwa kusema ni ya kweli. Akikujibu, "Mama wakili, sikuwepo, ila nimechoka," usimpeleke akakiri. Kachoke naye. Omba dhamana upya, sukuma tarehe ya kusikilizwa iwe karibu.

Akiwa alilifanya, sasa toa karatasi, na kalamu. Hesabu mbele yake. Mauaji yanaweza kufika hukumu ya kifo, ingawa tangu Desemba 2017 Mahakama ya Juu imesema jaji halazimiki kuitoa. Kuua bila kukusudia kunaweza kufika kifungo cha maisha. Sema hivyo kwa sauti, kwa sababu wengi hudhani ni kosa la kwenda nyumbani. Usimwahidi idadi ya miaka hata siku moja. Jaji haruhusiwi kushiriki mazungumzo yenu, na kupima adhabu ni kazi yake.

Unachoweza kumwonyesha ni namna miaka inavyohesabiwa. Kifungu cha 333 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kinataka muda wa rumande uzingatiwe, basi omba hukumu itaje wazi kifungo kinaanza kuhesabiwa lini. Tuseme jaji atoe miaka 9 tangu siku ya kukamatwa: theluthi moja yaweza kupunguzwa kwa nidhamu, inabaki 6, na 3 ameshakaa. Mfano tu, na umwambie hivyo.

Halafu anachopoteza. Hakutakuwa na mashahidi wa kuhojiwa. Rufaa itabaki juu ya ukubwa au uhalali wa adhabu peke yake. Rekodi ya kosa itabaki kwa jina lake. Lakini jaji akiyakataa makubaliano, yanakuwa batili, na mazungumzo yale hayatumiki dhidi yake kesi ikisikilizwa upya. Hilo huwatuliza sana.

(Kama shtaka ni la Sheria ya Makosa ya Kimapenzi, usimpe matumaini: njia hii haipo.)

Jamaa zake wasiwepo chumbani. Mama mzazi atalia, "Mwanangu, kubali tu urudi," na hakuna kijana wa pwani atakayembishia mamake. Nampa heshima yake, nazungumza naye nje, baadaye. Familia ya marehemu nayo ina sauti mbele ya jaji, na fidia ikiwa sehemu ya makubaliano, uliza mapema pesa zitatoka wapi.

Uamuzi ni wake. Nampa wiki. Nikirudi, namsomea hati mstari kwa mstari kwa lugha anayoifikiria, iwe Kidigo, iwe Kiduruma, na mkalimani akihitajika naja naye. Kisha nafunga karatasi na kumwomba aniambie yeye, kwa maneno yake, anakubali nini na anaacha nini. Akikwama mahali, hatutii sahihi siku hiyo.