Kuweka injini ya pikipiki kwenye fremu kuukuu ya kwadi

Kosa linaloharibu kazi hii mara nyingi hufanyika siku ya kwanza. Injini inasukumwa ndani ya fremu ya kwadi, yaani pikipiki ya magurudumu manne, mpaka ikae penye nafasi, vishikizo vinachomelewa, kisha ndipo cheni inatafutiwa njia. Fanya kinyume chake: cheni ndiyo inayoamua injini ikae wapi, vishikizo vinafuata.

Kabla ya kununua injini, simama nyuma ya kwadi utazame sproketi ya ekseli, gurudumu la meno linalobeba cheni, iko upande gani. Sproketi ya injini lazima iwe upande huohuo. Ukiigeuza injini mbele nyuma ili pande zilingane, magurudumu yatazunguka kinyumenyume. Angalia pia kama kwadi yako ilikuwa na rivasi. Injini ya kawaida ya pikipiki haina, na kwadi nzito iliyokwama kwenye kona si kitu cha kusukuma peke yako.

Chukua injini pamoja na kila kilichokuwa nayo: kabureta, CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche), koili, regyuleta, waya zote na plagi zake, kebo za klachi na mafuta, hata bolti. Kama bado imo kwenye pikipiki yake, weka pimamaji juu yake na upige picha kabla ya kuifungua. Mwinamo ule ndio utakaourudisha kwenye kwadi. Ukiinamisha silinda zaidi, kipimo cha oili kitakudanganya na boya la kabureta halitafunga petroli inavyopaswa.

Vua kila kitu kwenye fremu, uisugue, kisha igonge kwa nyundo ndogo, hasa chini ya mabomba ambako maji hutuama. Bomba zima hulia. Lililooza hutoa sauti butu au hubonyea. Sehemu iliyooza ikatwe na kuwekwa bomba jipya sasa, maana injini ikishakaa hutaifikia tena.

Sasa upangaji wenyewe, na hapa usiwe na haraka. Weka injini juu ya vipande vya mbao ndani ya fremu. Fungua shokapu ya nyuma ili mkono unaobeba ekseli uweze kupanda na kushuka bila kizuizi. Laza rula ndefu ya chuma kwenye uso wa sproketi ya nyuma, uielekeze mbele, na usogeze injini kushoto au kulia mpaka sproketi ya mbele iguse rula bila kupinda. Tofauti ya milimita 1 unaweza kuivumilia. Ikifika 3, cheni italia, itakula meno ubavuni na mwishowe itaruka.

Kisha ivute injini nyuma, sproketi ya mbele ikaribie pini ya mkono (ile inayoushika kwenye fremu) kadiri inavyowezekana bila kugusa. Kadiri inavyokaa mbali na pini, ndivyo cheni inavyolegea na kukaza zaidi mkono unapocheza. Cheni hukaza kabisa pale sproketi ya mbele, pini na ekseli zinapokuwa kwenye mstari mmoja. Funga cheni, pandisha mkono mpaka ufike hapo, na uhakikishe bado inacheza milimita 10 hadi 15. Anayepima kwadi ikiwa imening'inia tu hukaza cheni kupita kiasi, na shimo la kwanza barabarani huivuta mpaka beringi ya shafti ya gia ianze kufa.

Cheni na sproketi zote mbili ziwe za namba moja. Cheni ya 428 ina hatua ya milimita 12.7 kati ya pini na pini, ya 520 ina 15.875, kwa hiyo haziazimani meno. Kwa kwadi chagua 520 ukipata sproketi ya mbele inayoingia kwenye shafti ya injini yako.

Vishikizo vikatwe kwanza kwa kadibodi, kisha kwa bamba la chuma la milimita 6. Vishikize kwa nukta chache za weldingi tu, injini ikiwa ndani, halafu pima cheni upya. Hapo tangi la petroli liwe limeshaondolewa, betri na CDI zimefunguliwa, na kibano cha ethi cha mashine ya weldingi kimekaa kwenye bomba unalochomea, karibu kabisa. Kikishikwa kwenye injini, umeme hupita ndani ya beringi na kuzitoboa vitundu. Ukiridhika, toa injini na weka mahali pake bolti ndefu zenye vipande vya bomba vya upana uleule, ndipo umalizie kuchomelea. Bila kizuizi hicho, joto huvuta mabamba na matundu hayatalingana tena. Ongeza kishikizo kimoja juu, kwenye kichwa cha silinda, kama injini ina sehemu yake. Hicho ndicho kinachozuia cheni kuizungusha injini nzima ukikanyaga gia ya kwanza. Bolti za daraja 8.8: M8 zikazwe Nm (nyutoni-mita) 25 hivi, M10 karibu Nm 50.

Kuhusu uwiano wa gia, usinakili wa pikipiki. Tairi la kwadi la inchi 20 lina mzingo wa mita 1.6, wakati la pikipiki ya rimu ya 18 lina karibu mita 1.9. Chukua injini inayozunguka mara 8,000 kwa dakika na upunguzaji wa jumla wa 10 kwenye gia ya juu, yaani injini ikizunguka mara 10 ekseli huzunguka mara 1: ekseli itazunguka mara 800, yaani mita 1,280 kwa dakika, kama kilomita 77 kwa saa. Ikiwa breki za kwadi ni zilezile za zamani, kasi hiyo inatosha na kuzidi.

Kwenye umeme, jua kwanza CDI yako ni ya aina gani. Inayolishwa na koili ya magneto huzimwa kwa kuunganisha waya wa kuzimia na bodi. Inayolishwa na betri huzimwa kwa kukata volti 12. Ukipeleka volti 12 kwenye waya wa kuzimia wa ile ya kwanza, unaweza kuiua papo hapo. Kwangua rangi pale ethi inapofungwa. Cheche zinazokuja na kupotea mara nyingi zinatokana na rangi hiyo tu.

Sanduku la hewa la pikipiki mara nyingi haliingii. Ukiweka filta ya wazi, hewa huongezeka na jeti kuu, kitundu kinachopitisha petroli kwenye kabureta, huhitaji kukuzwa. Endesha, zima ghafla, toa plagi ya cheche utazame ncha yake: rangi ya kahawia ni sawa, nyeupe ni petroli pungufu, masizi meusi ni petroli nyingi. Nyeupe isiachwe hata siku moja, kwa sababu injini ya kupozwa kwa hewa iliyofichwa chini ya plastiki za kwadi tayari inapata joto kuliko ilivyozoea.

Washa mara ya kwanza kwa dakika 3 tu, zima, kagua uvujaji. Baada ya nusu saa ya kuendesha taratibu kaza bolti zote upya, kisha tazama mkono wa nyuma na fremu kwa mikwaruzo inayong'aa. Penye mng'ao ndipo cheni inapogusa.