Kabla Hujakwenda Kumtazama Mwanao kwenye Mashindano ya Roboti

Mzazi mwenzangu wa Tabora, kabla ya kuulizia nauli, muulize mwalimu wa klabu jambo moja: mashindano haya yanafuata kanuni za nani? "Mashindano ya roboti" ni jina moja lenye michezo mingi ndani yake. Usipojua mchezo wenyewe ni upi, utakaa ukumbini siku nzima ukitazama watoto wakihangaika na waya, hujui lini upige makofi na lini uumie moyo.

Chukua World Robot Olympiad, ambayo fainali yake ya kwanza ilifanyika Singapore mwaka 2004. Timu ina wanafunzi wawili au watatu na kocha wao. Katika kundi lao la RoboMission, roboti inajiendesha yenyewe mwanzo hadi mwisho, hakuna mtu anayeshika rimoti. Kabla ya kuanza ni lazima itoshe ndani ya boksi la sentimita 25 kila upande, na wanafunzi wakubwa, wa miaka 14 hadi 19, wana kundi lao. Muda wa mazoezi ukiisha, roboti zote huwekwa kwenye meza maalumu na hakuna anayeruhusiwa kuigusa ya kwake tena mpaka zamu yake ifike. Waandaaji wanaweza pia kutangaza kanuni mpya asubuhi hiyohiyo, makusudi, waone nani anaweza kufikiri papo kwa papo.

FIRST Tech Challenge ni kitu kingine kabisa. Iko chini ya FIRST, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen. Uwanja wake ni mraba wa takriban mita 3.6 kila upande, roboti ni kubwa zaidi (inaanza ndani ya sentimita kama 46 kila upande), na timu mbili hushirikiana dhidi ya timu nyingine mbili. Sekunde 30 za kwanza roboti hujiendesha, kisha wanafunzi wanaziendesha kwa dakika 2. Raundi imekwisha. Ndiyo, umesafiri kutoka Tabora kuja kutazama dakika mbili na nusu, halafu unasubiri raundi inayofuata, na kusubiri ndiko kutakula sehemu kubwa ya siku yako.

Ukishajua ni mchezo upi, usiende kujisomea kanuni peke yako. Mwambie mwanao akueleze. Akuchoree uwanja kwa kijiti pale uani chini ya mwembe, akuonyeshe roboti inaanzia wapi, inabeba nini, pointi zinapatikanaje na zinapotea vipi. Uliza hata lile unaloliona la kitoto. Katika mashindano mengi majaji huwaita wanafunzi na kuwahoji: kwa nini mmechagua magurudumu haya, nani aliandika programu, mlikwama wapi na mlijikwamuaje. Mzazi haruhusiwi kujibu, kocha naye haruhusiwi. Mtoto aliyemwelewesha mama yake mpaka mama akaelewa atakuwa amefanya mazoezi ya mahojiano bila kujua. Na hapa ulizia mapema majaji watatumia lugha gani, kwa sababu watoto wetu wengi wanaizungumza roboti kwa Kiswahili wakiwa klabuni, ila maneno ya kitabu wanayo kwa Kiingereza. Ikiwa mahojiano ni ya Kiingereza, wazoee kueleza kwa Kiingereza kabla ya siku yenyewe.

Sasa niseme lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko mengine yote. Jiandae kuiona roboti iliyofanya kazi vizuri Ijumaa shuleni ikikataa Jumamosi ukumbini. Hili hutokea kwa timu nzuri na timu dhaifu, na mzazi asiyejua sababu zake huwa wa kwanza kusema, "Si mlisema imekamilika?" Neno hilo linamwingia mtoto vibaya, maana ni kweli ilikuwa imekamilika.

Sababu ya kwanza ni mwanga. Roboti nyingi za wanafunzi hufuata mstari mweusi kwa kutumia sensa inayopima mwanga unaorudi kutoka sakafuni. Nyeupe hurudisha mwanga mwingi, nyeusi kidogo, na mtoto ameiandikia programu namba ya katikati inayotenganisha hizo mbili. Namba hiyo aliipata kwenye darasa la shule yenu, labda madirisha yakiwa nusu wazi. Ukumbi wenye taa kali za juu, au wenye dirisha linaloingiza jua la saa nne upande mmoja wa meza, unabadilisha vipimo vyote. Ndiyo maana utawaona wanasogeza roboti taratibu juu ya karatasi, wanasoma namba, wanaandika. Hawachezi. Wanapima upya, na kila dakika ya mazoezi waliyopewa wanaihitaji kwa kazi hiyo.

Ya pili ni betri. Mota hupata nguvu kulingana na betri ilivyo. Ikiwa mtoto amepanga roboti igeuke kwa kuhesabu muda, tuseme mota zizunguke sekunde moja kisha zisimame, betri iliyojaa itaigeuza robo mzunguko kamili, na iliyochoka itaigeuza pungufu. Pungufu kidogo kwenye kona ya kwanza huwa umbali wa kiganja kizima mwisho wa njia. Unachoweza kusaidia hapa ni cha nyumbani kabisa: hakikisha betri zote, za akiba zikiwemo, zimechajiwa mapema, kwa sababu umeme ukikatika usiku wa kuamkia safari hamtakuwa na pa kukimbilia. Zipewe namba kwa kalamu ya wino mzito juu ya tepu ili ijulikane ipi imeshatumika. Betri za lithiamu zisichajiwe watu wamelala, na zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Kwenye basi zisiwekwe kwenye buti chini ya magunia. Abaki nazo kocha, kwenye begi la mkononi.

Ya tatu ni vumbi, nalo sisi tunalijua. Miezi ya kiangazi Tabora, vumbi letu laini linakaa juu ya kila kitu, na tairi la mpira likishalibeba linateleza kama limepakwa unga. Kitambaa safi chenye unyevu kidogo cha kufutia matairi kabla ya kila raundi, na kingine kikavu kwa ajili ya sensa, ni vitu vya kuweka kwenye begi tangu nyumbani. Na kama shuleni wamekuwa wakifanyia mazoezi juu ya saruji, ulizeni uwanja wa mashindano umetandikwa nini. Turubai lililochapishwa, mkeka wa sponji na saruji havishiki tairi sawasawa.

Ukiyajua haya matatu, utakaa kwenye kiti chako ukitazama kwa macho mengine.

Simu yako nayo iandaliwe. Katika mfumo kama FIRST Tech Challenge, wanafunzi huendesha roboti kupitia waifai, na kanuni haziruhusu watu kuwasha mitandao yao ukumbini. Hotspoti ya mzazi anayemrushia shangazi yake video iko kwenye hewa ileile ambayo roboti inaitumia kusikiliza amri. Izime kabla ya kuingia. Flashi ya kamera pia izime, kwa sababu sensa ya mwanga na kamera za roboti haziwezi kutofautisha taa yako na kitu kilicho uwanjani. Picha piga bila flashi, na kama kwenye picha wapo watoto wa watu wengine, omba ruhusa kabla ya kuituma kwenye kundi la familia.

Kuhusu mikono yetu sina maneno ya kulainisha: mzazi hagusi roboti. Hata kama wewe ni fundi wa umeme mwenye miaka mingi kazini, au ulisomea pale chuo cha reli na unaona kabisa kwamba nati imelegea. Kugusa kwako kunaweza kuwagharimu pointi, na hata kusipowagharimu kunamwondolea mtoto kile alichokijia. Ujuzi wako una wakati wake, nao ni wiki kadhaa kabla. Njoo klabuni uwaonyeshe namna ya kulehemu waya ukashika, uwafundishe kutumia mita ya kupimia umeme, uwaazime seti nzuri ya bisibisi na plaizi. Siku yenyewe, wewe ni wa maji na chakula.

Na chakula chenyewe kina masharti yake. Meza ya timu haitaki mafuta, kwa hiyo maandazi na chipsi ziliwe mbali, mikono inawe kabla ya kurudi kwenye waya. Matobolwa na karanga zilizokaangwa vinafaa sana: havichachi njiani, havichuruziki, na vinashibisha mtoto ambaye kwa wasiwasi hataki kukaa mezani. Maji mengi, kwenye chupa zenye vifuniko vya kukaza, na ziwekwe chini, si juu ya meza. Mkibeba asali ya zawadi kwa wenyeji, iwe kwenye kopo lisilovuja na isafiri kwenye begi lake peke yake.

Mavazi hayana mengi, ila yana ulazima. Viatu viwe vya kufunika vidole, ndala zibaki bwenini. Nywele ndefu zifungwe, na binti anayevaa mtandio azichomeke ncha zake ndani ya shati, kwa sababu mota hailegezi mpaka izimwe. Mashindano mengine yanadai miwani ya kukinga macho kwa kila anayesogea karibu na uwanja, mzazi pia. Mwulize mwalimu kama timu ina ya kukutosha. Kama kuna saa ya swala katikati ya ratiba, ulizia mapema pa kuswalia, ili isije ikagongana na zamu ya timu.

Kwa watoto wa bweni, karatasi ni sehemu ya maandalizi. Fomu ya idhini isainiwe na irudi shuleni kwa wakati, mwalimu awe na namba yako na namba ya mtu mwingine wa nyumbani, kadi ya bima iwemo begini, na kama mwanao ana pumu au dawa anayomeza kila siku, anayesafiri naye alijue hilo kwa maandishi. Ukimkuta ukumbini usimchukue kwenda kulala kwa ndugu bila mwalimu kujua na kuandika. Yeye ndiye aliyemsainia. Michango nayo: uliza inalipia nini, lipa mapema, omba risiti. Kuna mtoto mwenye kipaji ambaye nyumbani kwao fedha hiyo haipo, na wazazi tukikaa pamoja kabla ya wiki ya mwisho tunaweza kumziba pengo bila kumwaibisha.

Ikiwa mashindano ni Dar es Salaam, usipange kufika asubuhi ya siku yenyewe. Kutoka Tabora unaweza kwenda kwa basi moja kwa moja, kwa treni ya reli ya zamani, au kwa basi hadi Dodoma kisha treni ya umeme, ambayo ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Njia yoyote utakayochagua, lala mjini walau usiku mmoja kabla. Ukaguzi wa roboti hufanyika asubuhi na mapema, roboti isiyokaguliwa haichezi, na mtoto aliyeshuka kwenye basi saa moja iliyopita hana kichwa cha kusoma namba za sensa.

Ukumbini shangilia kwa nguvu zote, lakini usishangilie roboti ya wengine inapokwama. Adabu inatosha kuwa sababu, ila ipo na nyingine: katika michezo ya ushirika, timu iliyowafunga raundi hii inaweza kupangwa upande wenu raundi ijayo, na timu zinazoongoza huchagua washirika wa kwenda nao kwenye mtoano. Wanakumbuka nani alikuwa muungwana.

Kisha itakuja ile dakika mwanao anapotoka uwanjani na mambo hayakwenda. Usimfuate na "kwa nini". Mpe maji, mwambie "pole, mwanangu," na ukae naye. Akitulia, muulize swali la mtu aliyekuwa anatazama: "Ile kona ya pili, iligeuka kabla ya mstari au baada?" Utaona mabega yanapanda. Ataanza kukueleza kwa mikono, mwenzake atamkatiza, watabishana, na kabla hujamaliza kusikiliza watakuwa wamerudi mezani kufungua kompyuta. Raundi ikiwa ilikuwa ya mwisho, swali hilohilo linafaa kwenye basi la kurudi.

Kabla ya kutoka ukumbini, hesabuni vifaa kwa orodha mliyokuja nayo, kila kimoja kikitajwa na kuwekwa begini mbele ya mwalimu, kwa kuwa ni mali ya shule na wa kidato cha chini watavitumia mwakani. Tazameni chini ya meza, kwenye ekstensheni, nyuma ya viti. Chaja ndiyo inayosahaulika kuliko vyote kwa sababu inabaki ukutani, na kuipata nyingine ya aina hiyohiyo ukiwa Tabora mara nyingi ni kuagiza na kusubiri.