Kujua mahindi yanapeleka kaboni wapi

Kama uko na shamba huku Njoro, ng'oa mimea mitano kila wiki mbili, na mizizi chimba polepole uioshe kwa ndoo juu ya chujio, maana ile myembamba kama uzi ndio hukatika ikabaki kwa udongo alafu modeli yako, yaani hesabu ya kukadiria kaboni inaenda sehemu gani ya mmea, inakuwa ya uongo (mimi hapo ndio huchoka kabisa). Tenganisha majani, shina, mizizi. Kausha kwa oveni digrii 70 mpaka uzito usishuke tena, pima, zidisha na 0.45 upate kaboni, takriban tu. Kwa Excel, ongezeko la kila sehemu gawanya kwa ongezeko la mmea mzima, hiyo ndio mgao wa hiyo sehemu, na jumla ya migao lazima iwe 1. Mvua ikipotea, kwa modeli ongezea mizizi mgao. Mahindi yakianza kubeba, weka safu ya gunzi pamoja na punje zake.