Umepangiwa Makutupora? Anza na miguu

Majina ya waliomaliza kidato cha sita na kuitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) yakishatoka, pamoja na kambi zao kama hii ya Makutupora, Dodoma, nyumba nzima hukimbilia dukani. Begi linajaa, mama anaongeza karanga, na kuruti mwenyewe, yaani mwanafunzi wa jeshi, hajakimbia hata kilomita moja tangu aweke kalamu chini. Mdogo wangu, wewe anza na miguu.

Orodha ya JKT inataka raba za kijani au za bluu. Zinunue mapema, uzivae wiki mbili nzima mpaka zikuzoee. Mimi nilizitoa kwenye boksi siku ya kuripoti, nikajiona mjanja. Siku ya tatu visigino vilikuwa malengelenge matupu, na mchakamchaka haumsubiri mtu. Soksi ndefu nyeusi beba jozi kadhaa, maana soksi mbichi huzaa fangasi. Kucha zikate fupi. Kukimbia kwenyewe kusikutishe: mnakwenda kwa kundi, mnaimba. Kwa hiyo unapofanya mazoezi nyumbani, kimbia huku unaongea. Ukishindwa kuongea, punguza mwendo.

Halafu kuna baridi, na hapa ndipo wengi hunaswa. Tangazo linataka nguo za baridi kwa waliopangiwa mikoa yenye baridi, basi kijana wa Dar anajisemea hayo ni ya watu wa kambi ya Mafinga, kule Iringa kwenye baridi. Dodoma si jua na vumbi tu? Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita na wa saba upepo wa alfajiri unakata kweli. Chukua sweta na traksuti. Chukua na mafuta ya mgando, kwa sababu hewa yetu ni kavu na midomo hupasuka.

Bukta ya bluu iliyokolea, ya mpira kiunoni, ifike magotini na isiwe na zipu. Fulana ya kijani, shuka mbili za bluu bahari. Kila kitu kiandike jina kwa wino usiotoka. Hanga zima, yaani bweni la kambini, lina shuka za rangi moja, na ya kwako ikishaanikwa na nyingine arobaini, utaitambua kwa lipi?

Kama una pumu, selimundu au mshono wa zamani, sema mapema na beba vyeti. Kuficha si ushujaa. Wenye ulemavu wa kuonekana kwa kawaida hupangiwa Ruvu, Pwani, ambako kuna miundombinu yao.

Simu usiitegemee. Namba ya mzazi iweke kichwani na kwenye karatasi, na nyumbani uwaage kabisa kwamba kimya chako si msiba.

Najua wapo wanaokwenda wakiwaza Monduli, chuo cha maofisa, na nyota begani. Waza, lakini kimoyomoyo. Miezi mitatu ya mafunzo haya ya mujibu wa sheria si ajira, na mbele ya afande wewe ni kuruti kama wenzako: kwata (gwaride), fatiki (kazi za mikono), lindo, ugali na maharage. Jizoeze kula upesi.

Vyeti vya kuombea chuo visibaki nyumbani. Nauli ya kurudi nayo itenge leo, ishonee ndani ya begi kama huna pa kuificha. Kantini kuna maandazi, na njaa ya baada ya kwata haijui mahesabu.