Jinsi ya kutofautisha vyama vya wafanyakazi vya Marekani bila kuchanganyikiwa

Ukianza kusoma hii historia utakutana na vifupisho mpaka kichwa kiume, AFL, IWW, CIO, na wengi hapo wanakimbilia kukariri miaka. Achana nayo kwanza. Kila chama ukikutana nacho simama mlangoni uulize: nani anaruhusiwa kuingia? Ukishajua hilo, namna yao ya kupambana utaikisia mwenyewe.

Anza na Knights of Labor, Philadelphia 1869. Mlango mpana, fundi, kibarua, wanawake, weusi, wote karibu, ila mawakili na wauza pombe hapana, na Wachina nao wakafungiwa nje (undugu wenyewe ulikuwa na mipaka yake). 1886 walifika kama 700,000, ila kiongozi wao Powderly migomo hakuipenda, alitaka ushirika, yaani wafanyakazi wamiliki viwanda wenyewe.

Mwaka huohuo inazaliwa AFL (American Federation of Labor, shirikisho la vyama vya mafundi) ya Samuel Gompers, mtengeneza sigara. Hapa mlango ni mwembamba, mafundi wenye ujuzi tu, kila fani na chama chake, maana fundi mzuri akigoma bosi hapati mwingine kesho asubuhi. Kwa hiyo wanadai mshahara, masaa na mkataba, basi, mambo ya mapinduzi hawataki hata kusikia.

IWW (Industrial Workers of the World), Chicago 1905, ni kinyume kabisa: wote chama kimoja, wahamiaji na vibarua ndo kwanza, na mkataba hawasaini kwa sababu ukisaini umejifunga mikono usigome. Mgomo wa viwanda vya nguo vya Lawrence, Massachusetts, 1912 waliushinda, nyongeza ikapatikana, ila baadaye wanachama pale wakapukutika. Mi naona kukataa mikataba kuliwagharimu.

CIO (Committee for Industrial Organization) ndo tamu zaidi. 1935 John L. Lewis, kiongozi wa wachimba makaa, na wenzake, wakiwa bado ndani ya AFL, wanasema kiwanda kizima kiwe chama kimoja. Sasa mtu wa kufunga nati anabadilishwa fasta, akitoka nje kugoma kaingizwa mwingine, kwa hiyo kule Flint, Michigan, wafanyakazi wa kampuni ya magari ya General Motors hawakutoka, walikaa ndani na mashine siku 44 mpaka Februari 1937 kampuni ikakitambua chama chao. AFL na CIO baadaye wakatengana, wakaja kuungana tena 1955.

Halafu angalizo, usiamini katiba peke yake. AFL kwa maneno haikubagua, ila vyama kibao ndani yake viliwafungia weusi. Jipime kwa wahudumu weusi wa mabehewa ya kulala ya treni ya kampuni ya Pullman: A. Philip Randolph, kiongozi wa chama chao, alianza nao 1925, na badala ya kuisusa AFL akang'ang'ania kuingia, akawa anawasema wabaguzi humohumo ndani, na mkataba na Pullman wakaupata 1937.