Kabla hujafungua woshing bei Kampala, jua kwanza maji yako yanaenda wapi

Wengi wakitaka kufungua woshing bei (sehemu ya kuoshea magari) wanakimbilia pampu ya presha, matanki na vijana wa kazi. Subiri kidogo. Anza na maji machafu, maana pesa za watu zinapotelea hapo.

Kiwanja. Usitoe hata shilingi kabla hujajua kama hapo ni kinamasi au ukingo wa maji. Kanuni za Uganda za vinamasi na kingo za maji za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka Ziwa Victoria, na hata mito midogo ina mita zake 30 kila upande. Mwenye kiwanja atakutolea taito (hati ya ardhi), sawa, ila Katiba ibara ya 237 inasema maziwa, mito na vinamasi serikali imevishika kwa niaba ya wananchi wote, sasa hiyo taito yaweza kufutwa na wewe umeshamwaga zege. Kaulize NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kaulize na afisa mazingira wa wilaya au wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala. Barua ya LC1, yaani uongozi wa kijiji, ni nzuri kuwa nayo lakini hiyo siyo kibali cha mazingira.

Kibali cha kumwaga maji taka kinatoka Wizara ya Maji na Mazingira, kwenye kurugenzi ya rasilimali za maji. Waulize mapema shughuli yako inahitaji nini.

Laini ya maji taka ya NWSC, shirika la taifa la maji, ikipita karibu, omba kuunganishwa. Sehemu kubwa ya mji haina.

Sasa hili la mvua lisome vizuri, tafadhali. Kuna kijana jirani yetu, mchapakazi kabisa, alifungua kwenye mteremko unaoshuka kuelekea kinamasi cha Lubigi. Shimo la kutega oili (maji yanapita, oili inabaki ikielea juu) alichimba, zege safi, vyumba vitatu, kila mtu akamsifu. Lakini fundi alielekeza maji ya paa la banda na ya uwanja wote kwenye shimo hilohilo, eti kuokoa bomba. Kiangazi kizima hakuna shida. Mvua za Machi zikaanza, usiku mmoja ikapiga kweli kweli, shimo likajaa kwa dakika chache na oili yote ya miezi iliyokuwa inaelea juu ikasukumwa nje, ikaingia mtaroni mpaka chini kwenye chemchemi ambapo akina mama wanachota maji na madumu ya njano. Asubuhi maji yanang'aa rangi rangi, yananuka dizeli, watoto wamebeba madumu matupu. Wazee wa mtaa wakaja juu, wakaguzi wakafuata, woshing bei ikafungwa na mkopo bado anaulipa. Iliniuma, kwa sababu yule kijana hakuwa mvivu wala mwizi, alikosa tu mtu wa kumwambia.

Kwa hiyo maji ya mvua yapite njia yake na maji ya kuoshea yake. Sehemu ya kuoshea iwekee paa, izungushie tuta dogo la zege ili maji ya uwanjani yasiingie. Shimo lifyonzwe kabla ya Machi na kabla ya Septemba, usingoje lijae. Na sabuni punguza: sabuni inavunja oili vipande vidogo sana haielei tena, inapita shimoni moja kwa moja. Kanuni za maji taka za 1999 ziliweka kikomo cha oili na grisi miligramu 10 kwa lita, sasa piga hesabu mwenyewe lori moja la mchanga lililovuja dizeli linaacha nini.

Na usidanganywe kwamba mtaro unapeleka mbali. Mtaro wa Nakivubo unaishia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na maji ya mtambo wa Ggaba tunayokunywa mjini yanavutwa kutoka ghuba hiyohiyo.

Oili chafu ya gereji usiimwage, ikusanye kwenye pipa lenye mfuniko. Matope ya shimoni yachukuliwe na mtu mwenye leseni ya kubeba taka, na akupe karatasi. Karatasi zote piga picha. Malipo ya serikali lipa benki upate risiti, usimpe mtu mkononi hata akivaa kitambulisho shingoni, na anayekuahidi kibali bila kufika kukanyaga kiwanja chako mwogope. Halafu mpangaji mwenzako wa hapo juu naye muulize maji yake anamwagia wapi, kabla hayajashuka kwako.